Safari ya Dar es Salaam: Saa ya Kuondoka na Saa ya Kufika

Karatasi ya hospitali imeandikwa: Jumanne, saa 2 asubuhi, Muhimbili. Haisemi kwamba mgonjwa atokako ni mbali, wala haisemi kwamba kati ya Kibaha na mlango wa hospitali kuna foleni ya magari. Hayo yameachiwa jamaa zake. Basi wazee hukaa pamoja, huhesabu kilometa, hutafuta motokaa ya kukodi, na mara nyingi hukata shauri hili: "Tuondoke usiku, asubuhi tutakuwa tumefika." Shauri hilo lasikika vizuri. Lakini kwa mgonjwa atokaye mbali, na mwenye saa yake ya kuonana na daktari, aghalabu ndilo shauri baya kuliko yote. Nitachukua mfano wa watu wa Iringa, maana njia yao ina mambo mengi. Wenzetu wa Dodoma na Mbeya watabadili kilometa tu. Kuanzia Morogoro njia yetu ni moja.

Kwanza yafaa kuielewa foleni yenyewe. Mvuvi wa pwani hatosheki kujua kwamba bahari ina maji. Hujua saa ya kujaa na saa ya kupwa. Magari ya Dar es Salaam nayo hujaa na kupwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa ule; ile ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Wengi wao hulala pembezoni, Kimara, Mbezi, Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta, na kazi zao ziko Posta, Kariakoo na bandarini, karibu na bahari. Njia kuu za kuingia mjini ni chache: Barabara ya Morogoro, ya Nyerere, ya Kilwa na ya Bagamoyo. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Basi tangu kabla ya saa 12 asubuhi hata kupita saa 3, wimbi lote huelekea mjini. Kuanzia saa 10 jioni hata usiku, wimbi lilelile hurudi majumbani. Mtu wa bara aingiaye asubuhi huingia pamoja na wimbi na kukwama ndani yake. Aingiaye alasiri hukutana nalo uso kwa uso, nalo hupita upande wa pili wa barabara. Neno hili moja, ukilishika, limekupa nusu ya mpango wako.

Sasa tulipime shauri la wazee. Toka Iringa mpaka Dar es Salaam ni kilometa 500 hivi. Motokaa haiwezi kwenda 80 kwa saa njia nzima; katika vijiji sheria ni 50, kuna matuta, kuna malori, kuna mlima. Hesabu ya haki ni kilometa 55 kwa saa, yaani muda wa saa 9 za mwendo na saa moja ya kupumzika. Ukiondoka saa 3 usiku, utafika Mbezi saa 1 asubuhi. Hapo zimebaki kama kilometa 20 tu. Lakini umefika wimbi likiwa juu kabisa, na kilometa hizo 20 zaweza kula muda wa saa mbili au zaidi. Mgonjwa amekaa kitako usiku kucha, dereva macho ni mekundu, saa ya daktari inapita, na kila mtu ndani ya gari anamwambia dereva aongeze mwendo. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ya kuchelewa.

Na usiku wenyewe je? Baada ya Ilula kuna mteremko wa Kitonga, wenye kona kali, ambapo lori likiharibika huziba njia. Lori lililosimama gizani mara nyingi halina taa. Alama yake ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani, nawe huyaoni mpaka umeyakaribia. Kisha kuna mbuga ya Mikumi, ambamo barabara hupita kilometa 50 hivi, na nyati na tembo hawaulizi saa. Mtu atasema kwamba mabasi nayo yamesafiri usiku tangu serikali iliporuhusu mwaka 2023. Ni kweli. Lakini basi zuri la safari ndefu huwa na madereva wawili wa kupokezana. Motokaa ya kukodi ina dereva mmoja, naye pengine mchana kutwa alikuwa akibeba watu wengine. Mwulize kabla hujampa fedha: jana ulilala saa ngapi?

Basi shauri lifaalo ni kuondoka Jumatatu, siku moja kabla. Mgonjwa, mwangalizi wake na dereva walale mapema Jumapili, gari likiwa limekwisha jazwa mafuta na magurudumu kukaguliwa. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mtafika Kitonga kunapambazuka, na mtaushuka mlima kwa gia ndogo mkiona kila kona. Mtapita Ruaha Mbuyuni na kufika mji wa Mikumi kama saa 2:30. Hapo kunyweni chai nusu saa. Mgonjwa ashuke, anyoshe miguu. Mbuga mtaivuka jua likiwa juu, polepole, maana mwenye kugonga mnyama hutozwa faini. Morogoro mtafika saa 5 na dakika chache. Kaeni hapo saa nzima mle chakula cha kushiba, maana mbele ya Chalinze hamtapenda kusimama tena. Mkiondoka saa 6 mchana mtakuwa Mbezi kama saa 9:30. Lori likiziba Kitonga, au magari yakijipanga kwenye mizani ya Vigwaza, bado mna akiba. Hata mkichelewa saa mbili mtaingia jioni mkiwa kinyume cha wimbi.

Siku hizi toka Kibaha mpaka Kimara barabara imepanuliwa kuwa ya njia nane, kilometa 19.2, na pale Ubungo magari hupita juu na chini katika daraja la Kijazi, lililofunguliwa Februari 2021. Mgeni akiona upana ule hudhani foleni imekwisha. Foleni husogea tu. Mkipanua mfereji juu na kuuacha mwembamba chini, maji yatafurika pale uanzapo wembamba. Kwa hiyo dereva asilegee Kibaha kwa kuona njia nyeupe.

Neno la mahali pa kulala ni gumu kuliko la barabara, kwa kuwa lagusa ujamaa. Kila mmoja wetu ana baba mdogo au shangazi Dar es Salaam, naye akisikia mmelala nyumba ya wageni atakasirika. Lakini kama baba mdogo akaa Mbagala au Tegeta, kulala kwake ni kuanza upya safari ya foleni asubuhi, mkatafute Upanga pamoja na mji mzima. Kwa usiku huo mmoja laleni Magomeni au Kariakoo, karibu na hospitali. Mpigieni simu mapema, mmwambie: "Baba mdogo, shikamoo. Leo tunalala karibu na daktari. Kesho mgonjwa akishaonwa tunakuja kwako kulala." Ikiwa ni masika, mwulizeni habari za bonde la Jangwani, maana mto Msimbazi umefurika mara nyingi na njia kati ya Magomeni na mjini ikafungwa. Wakati wa mvua kubwa, afadhali Kariakoo, ng'ambo ya pili ya bonde.

Najua gharama ya kulala ni mzigo kwa mtu wa shamba. Pimeni lakini: mgonjwa akikosa zamu yake na kupewa siku nyingine, mtalala mjini siku ngapi, na kula ni kwa nani?

Iko njia ya pili, nayo nzuri kwa mgonjwa awezaye kukaa kitini. Tangu Juni 2024 treni ya umeme yaenda kati ya Morogoro na Dar es Salaam, na treni haijui foleni. Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje kidogo ya mji. Kile cha Dar es Salaam ni katikati ya mji, si mbali na Kariakoo. Tiketi ikatwe mapema. Wasafirio kwa basi wakumbuke kwamba tangu 2021 kituo cha mabasi ya mikoani ni Mbezi, si Ubungo tena. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yana njia yake yenyewe, lakini asubuhi watu husukumana mlangoni, na kwa mgonjwa dhaifu siyashauri hata kidogo.

Siku za kuepuka ni Ijumaa jioni, na juma la kabla ya Noeli, ambapo Wachaga wote wanakwenda Moshi na njia ya Chalinze hujaa. Jumapili asubuhi ni nyepesi. Kwaya zisafirizo zanufaika nayo.

Safari ya kurudi ndiyo watu wasiyoipangia. Daktari akimaliza saa 8 mchana, kila mtu atasema, "Twende zetu." Mkiondoka saa hiyo, kidogo mmenunua dawa, kidogo mmekula, wimbi la kutoka mjini litawashika Kimara. Morogoro mtafika usiku, na Mikumi usiku wa manane. Nendeni kwa baba mdogo kama mlivyomwahidi. Akiwa Mbagala, amkeni mapema mshike Barabara ya Mandela kwenda Ubungo kabla ya saa 12 asubuhi, maana malori ya bandarini hupita hapo; toka Ubungo kwenda Kibaha mtakuwa kinyume cha wimbi, na njia itakuwa yenu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinunueni siku hiyo, si wakati wa kwenda.