Mnyororo wa Tingatinga: Kulegea, Kunepa na Kufungua

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na wafasiri wa vitabu vya mitambo, lipo moja linalojirudia mno: ile njia ya chuma ambayo tingatinga hujitandikia chini, likaikanyaga, kisha likaizoa tena kwa nyuma, iitweje kwa Kiswahili? Swali hilo lina jibu rahisi, nasi tutalitoa. Lililo gumu zaidi ni vitenzi vinavyoiandama njia hiyo katika maagizo ya matunzo, kwa kuwa katika vitenzi hivyo mfasiri aweza kumharibia fundi mashine, na pengine kumtoa mkono.

Kwanza jina. Mashine za namna hii zilianza shambani. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa California, Marekani, aliyavua magurudumu ya trekta lake la mvuke akaliwekea njia ya kujizungusha ili lisizame katika udongo tepetepe. Miaka 12 baadaye, mwezi Septemba 1916, Waingereza waliingiza vitani Ufaransa gari la deraya lenye njia za namna hiyo, nalo ndilo tunaloliita leo kifaru. Hapa kwetu mwendo ulikuwa wa kinyume. Katika Mradi wa Karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, katika mkoa wa Dodoma unaopakana na Singida, wakoloni walileta vifaru vya Sherman vilivyokwisha vuliwa silaha na kugeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, ili ving'oe vichaka. Mradi ulikufa mwaka 1951. Moja ya sababu zake nyingi ilikuwa ardhi yenyewe, ambayo wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji na kuzila mashine upesi kuliko mafundi walivyoweza kuzitengeneza.

Kwa hiyo basi, njia ya kifaru na njia ya tingatinga ni kitu kimoja, na yafaa ziwe na jina moja. Tulipokuwa mkoani Singida kukusanya maneno ya mafundi wa mitambo ya barabara, hatukusikia shaka yoyote: wao husema mnyororo. Ile ya baiskeli na pikipiki huiita cheni. Hivyo lugha ya karakana imekwisha tenganisha vitu viwili ambavyo wafasiri wengi bado wanavichanganya. Sisi tunaona hapana sababu ya kuunda neno jingine. Neno mkanda, ambalo baadhi ya wafasiri hulipenda, libakie kwa njia za mpira zilizo katika mashine ndogo za siku hizi, kwa sababu hizo kweli ni mkanda mmoja usio na viungo.

Sehemu za mnyororo hazitatuchelewesha sana. Kila kipande kinachoungana na mwenzake tunakiita pingili, kama pingili za muwa au za mwanzi. Bamba linalokanyaga ardhi ni kiatu, na ukingo wake unaochoma udongo ni ukucha. Pini na bushi zimekwisha kuwa maneno ya Kiswahili, na anayetaka kuzibadili atabaki akizungumza peke yake. Gurudumu la nyuma linaloukokota mnyororo ni gurudumu la meno. La mbele lina mkasa wake kidogo: jina lake la Kiingereza limetokana na neno lenye maana ya kukaa bure, na tumewahi kuona tafsiri iliyoliita gurudumu vivu. Gurudumu hilo si vivu hata kidogo. Ndilo linaloelekeza mnyororo, na ndilo linalosukumwa mbele ili kuukaza. Tunapendekeza gurudumu elekezi.

Sasa tuje kwenye vitenzi. Mafundi, na hata vitabu vya Kiingereza, husema kwamba mnyororo wa zamani umevutika. Usemi huo unamdanganya mwanafunzi. Chuma cha pingili hakikuvutika kama mpira; kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimelika pale zinaposuguana, na kila kiungo kikaongeza nafasi ndogo. Nafasi hizo zikijumlishwa, mnyororo mzima hurefuka, wala meno ya gurudumu la nyuma hayaingii tena mahali pake sawasawa. Ardhi ya Singida inaharakisha jambo hili, kwa maana miamba yake ya matale inapomomonyoka hutoa mchanga wenye chembe ngumu kuliko chuma cha kawaida. Basi tuseme mnyororo umerefuka kwa kulika. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo ataelewa pia kwa nini pini na bushi zaweza kugeuzwa nusu mzunguko, ili upande ambao haujalika uanze kufanya kazi. Akiambiwa tu kwamba mnyororo umevutika, agizo hilo litamshangaza.

Neno lililotushughulisha kuliko yote ni lile la kueleza jinsi mnyororo unavyoshuka katikati, upande wa juu, baina ya gurudumu elekezi na rola ya kuuchukua. Katika tafsiri nyingi tulizozisoma limeandikwa kulegea. Tatizo ni kwamba kwa Msw­ahili kulegea ni kasoro. Kitu kilicholegea hudai kukazwa. Fundi anayesoma kwamba apime "ulegevu wa mnyororo" atafanya kama mtu yeyote mwenye akili: ataukaza mpaka ulegevu uishe. Kumbe mnyororo uliokazwa kama uzi wa zeze unajila wenyewe. Pini, bushi na meno husagika upesi, na injini hupoteza nguvu kwa kupigana na mashine yake yenyewe. Mnyororo ulioachwa mno nao huruka nje ya magurudumu, aghalabu tingatinga linapokata kona mlimani, mahali pabaya kuliko pote. Kinachotakiwa ni kushuka kwa kiasi.

Kiswahili kinalo neno la jambo hili tangu zamani. Kamba ya nguo iliyobeba mzigo hunepa. Mti wa mzegazega begani hunepa. Kunepa si kosa. Ni hali ya kitu kirefu chenye uzito, na yaweza kuwa ndogo au kubwa. Kwa hiyo tunapendekeza mnepo. Agizo litasomeka hivi: "Endesha mashine mbele polepole, uiache isimame bila kukanyaga breki. Laza fimbo iliyonyooka juu ya mnyororo, kutoka gurudumu elekezi hadi rola. Pima mnepo." Katika matingatinga mengi ya ukubwa wa wastani mnepo huwa kama milimita 25 hadi 50, ingawa kitabu cha mashine yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Upimwe mashine ikiwa na udongo wa kazini, kwa kuwa matope mazito ya mbugani yakijazana katika meno huukaza mnyororo yenyewe bila fundi kugusa kitu.

Limebaki neno la hatari. Katika mashine nyingi za sasa mnyororo hukazwa kwa grisi. Fundi husukuma grisi kwa pampu ndani ya silinda, na silinda husukuma gurudumu elekezi mbele. Ukitaka kupunguza, unalegeza vali ili grisi itoke kidogo kidogo kwa tundu lake. Grisi hiyo imo katika shinikizo kubwa mno. Ikichomoka ghafla hupenya ngozi, ikaacha alama ndogo kama ya sindano, huku ndani nyama inaharibika. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali mara moja, hata kama haoni maumivu.

Sasa tazama agizo hili katika kitabu kimoja tulichopewa tukihariri: "Fungua nati ya vali." Katika karakana zetu kufungua nati ni kuitoa. Boli hufunguliwa, huwekwa kwenye sahani yenye dizeli, kazi inaendelea. Fundi mtiifu angeing'oa vali ile, na pengine kuinamia atazame kama grisi inatoka. Kitabu cha asili kilikataza mambo hayo yote mawili. Tafsiri yetu ni hii: "Simama kando ya vali, usiielekezee uso wala mkono. Ilegeze mzunguko mmoja, usizidishe. Usiing'oe. Grisi isipotoka, endesha mashine mbele na nyuma polepole, usiongeze mzunguko." Ndiyo kusema kitenzi kulegeza, tulichokifukuza kwenye mnyororo, hapa ndipo mahali pake hasa. Walimu wa vyuo vya ufundi tunawaomba wavitenge mbele ya wanafunzi vitenzi hivi vitatu, kulegeza, kufungua na kung'oa, kabla hawajawapa spana.

Mtu asidhani kwamba haya yanahusu mashine kubwa tu. Hata kifaru cha mfano cha kuchezea, kinachoongozwa kwa mawimbi ya redio, kina pingili, pini na mnepo wake. Mnyororo wake ukirefuka, mwenyewe huondoa pingili moja. Mwalimu asiye na tingatinga aweza kuufundisha mnepo wote juu ya meza.

Liko neno moja ambalo bado hatujaliafiki miongoni mwetu: ile springi kubwa iliyo nyuma ya gurudumu elekezi, inayopokea kishindo mashine inapogonga jiwe. Wengine wanataka springi ya kishindo, wengine springi rejeshi. Nayo haifunguliwi ovyo, kwa kuwa imebanwa kwa nguvu ya tani kadhaa. Wasomaji wenye neno zuri zaidi kutoka karakana zao watuandikie kabla ya toleo lijalo.