Ruzuku kwa Wachoraji Waliokwisha Komaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Nimewasikia wenzangu wengi bwenini wakisema ya kuwa mtu akipewa fedha asizotakiwa kuzirudisha, basi amepewa sadaka. Fedha za namna hiyo zina jina lake, nalo ni ruzuku, na zina masharti makali kuliko sadaka. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za ruzuku ya wachoraji, kwa sababu hapa Mara wako watu ambao yaweza kuwafaa.

Mchoraji kijana aghalabu husaidiwa na wazazi wake, na mzee mwenye jina kubwa hununuliwa picha zake. Wa katikati ndiye mwenye taabu. Mkono wake umekomaa, lakini ana watoto wa kusomesha na kodi ya chumba. Baba yangu mdogo, akaaye Musoma, ni mtu wa namna hiyo. Ana umri wa miaka 51. Riziki yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka na majina ya mitumbwi, na usiku alichora picha zake mwenyewe: wavuvi wa dagaa na taa zao ziwani, ng'ombe wakishuka kunywa maji. Siku hizi mwenye duka, awe wa Musoma au wa Bunda, huagiza bango la plastiki lililochapwa kwa mashine. Rangi za picha zile za usiku zilinunuliwa kwa fedha za mabango, basi mabango yalipopungua, rangi nazo zikapungua. Najua kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, lakini rangi za baiskeli nazo huuzwa dukani.

Wengine watasema, na akakope. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mwema, ila mwanamume mzima wa miaka 51 hayumo katika makundi hayo. Uko pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ambao huwakopesha wasanii kwa njia ya benki. Mkopo humfaa mwenye bendi, maana aijua siku ya kuuza tikiti. Picha yaweza kukaa ukutani miaka minne bila mnunuzi, na benki haingoji.

Ruzuku ninayoisema ilitoka katika mali ya mwanamke mchoraji, Lee Krasner wa Marekani, aliyefariki mwaka 1984. Mumewe, Jackson Pollock, alikufa kwa ajali ya motokaa mwaka 1956. Leo picha za Pollock huuzwa kwa mamilioni ya dola, lakini walipohamia kijiji cha Springs mwaka 1945 nyumba yao haikuwa na choo cha ndani, na husimuliwa kwamba mwenye duka la kijiji alipokea picha badala ya deni la vyakula. Nadhani mama yule hakuisahau shida ile. Mali yake iliundiwa mfuko mwaka 1985, uitwao Pollock-Krasner Foundation, nao huwapa wachoraji, wachongaji na wachapaji wa picha wa nchi yo yote.

Hapo hutazamwa mambo mawili pamoja: ubora wa kazi na uhitaji wa mtu. Mwombaji hupeleka picha za kazi zake za karibuni, orodha ya maonyesho aliyoshiriki, na hesabu ya hali yake ya fedha. Akikubaliwa aweza kununua vifaa, kulipa kodi ya chumba cha kazi, hata kujitibu. Mwanafunzi haruhusiwi kuomba, kwa hiyo sisi wa chumba cha sanaa tutulie. Kazi za biashara hazihesabiwi, na mabango yote ya baba mdogo yameangukia huko. Zitasimama zile picha za usiku tu.

Mfuko mwingine wa Marekani, wa Adolph na Esther Gottlieb, ulianza mwaka 1976. Huo hutaka miaka 20 ya kazi iliyokomaa, na tena una msaada wa dharura kwa aliyepatwa na moto, mafuriko au ugonjwa.

Kikwazo kwetu ni maonyesho. Mchoraji wa Dar es Salaam ana Nafasi Art Space. Sisi tuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Ukuta mmoja pale kwa wachoraji wa mkoa, hata kwa majuma mawili kila mwaka, ungempa mtu jambo la kuandika katika ombi lake. Hata ukumbi wetu wa shule wafaa siku ya wazazi. Wakubwa wataliangalia hilo.

Tena maombi huandikwa kwa Kiingereza, na baba mdogo aliishia Darasa la Saba. Likizo iliyopita mimi na dada yangu tulizipiga picha kazi zake, tukapima urefu na upana wa kila moja na kuandika mwaka wake. Tumepata tisa. Ya kumi, ambayo yeye aipenda kuliko zote, iko Bunda kwa mwenye nyumba ya wageni aliyeinunua, nasi twangoja ruhusa yake.