Gesi Nayo Hufuata Mkondo

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Peramiho, kusini mwa Tanzania, unapanda bila kujijua, na unaposhuka uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Kariakoo. Kilichopungua ni msukumo wake, kwa karibu sehemu moja ya kumi, na msukumo huo ndio huipeleka oksijeni kwenye damu.

Wengi hudhani mapafu hunyonya oksijeni na kuisukumia kwenye damu. Hayasukumi chochote. Misuli ya kifua huifikisha hewa mlangoni tu. Kuanzia hapo gesi, kama maji, hufuata mkondo: hutoka ilikozidi, ikaenda iliko haba. Damu inayorudi mapafuni imepungukiwa oksijeni na kuzidiwa kabonidioksaidi, ilhali ndani ya vifuko vya hewa mambo ni kinyume. Basi gesi hizo mbili hupishana, kila moja ikiteremka upande wake.

Vifuko hivyo ni mamia ya milioni. Ukivikunjua vyote utapata eneo la mita za mraba 70 hivi, nyumba nzima ya familia, na ukuta unaovitenga na damu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu akiwa ametulia, chembe nyekundu ya damu hupita hapo kwa robo tatu ya sekunde, lakini theluthi tu ya muda huo inaitosha kubeba oksijeni yake. Muda unaobaki ni akiba ya mkulima anayepanda kilima na gunia la mahindi begani.

Nimonia huila akiba hiyo. Vifuko hujaa majimaji, mtoto huanza kuhema mbiombio, mbavu zikibonyea. Katika hospitali kama ya Mtakatifu Yosefu, jirani na abasia ya Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, hubanwa kidoleni kifaa kidogo chenye mwanga unaosoma rangi ya damu: iliyoshiba oksijeni huwa nyekundu ya kung'aa.

Kifaa hicho hudanganyika, hasa kwa ajali ya majira ya baridi. Juni na Julai huku hupiga baridi kweli, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa huo haina harufu. Nayo hufuata mkondo uleule hadi kwenye damu, kisha hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei. Damu hiyo nayo hung'aa! Kifaa kinaweza kuonyesha asilimia 98 huku mgonjwa akikosa oksijeni.

Dawa yake ni kumtoa nje upesi, kisha oksijeni tupu kwa barakoa, ili kuuongeza mteremko mpaka monoksidi ing'oke. Kwa hewa ya kawaida, kuipunguza nusu tu huchukua saa nne au tano; kwa barakoa, saa moja hivi.