Tuzibe Ufa kwa Chokaa

Masika yanakaribia, na kwa jamaa wanaokaa katika nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, huu ndio wakati wa kuzikagua kuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. La kuongeza ni kwamba ufa wa nyumba ya kale una dawa yake, nayo si saruji.

Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na kupakwa kwa chokaa. Mawe hayo yana vitundu vingi, hufyonza maji ya mvua na ya ardhini. Chokaa huyaacha maji yatoke polepole yakiwa mvuke, lakini saruji huyafungia ndani. Matokeo yake twayaona: rangi hubambuka, chumvi nyeupe huchomoza, lipu huanguka vipande vipande. Lililo zito zaidi halionekani. Ncha za boriti za mikoko zimezama ndani ya ukuta huo huo, na zikikaa na unyevu huoza kimya kimya, nao mchwa huzifuata. Siku boriti ikikatika, dari huwaporomokea waliolala chini yake.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tafuta maji yanakoingilia: paa, mifereji, mabomba, choo cha juu. Ukuta hautakauka kama maji yangali yanaingia. Zibua mifereji, na usirundike mchanga wala taka penye msingi.

Pili, chukua msumari uubonyeze kwenye boriti, pale inapoingia ukutani. Ukizama bila nguvu, usingoje. Hamisha vitanda, boriti ishikiliwe kwa nguzo, na fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Tatu, lipu iliyolegea ibanduliwe, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, na ukuta urowanishwe kidogo. Kisha changanya kipimo 1 cha chokaa iliyozimwa kwa vipimo 3 vya mchanga msafi, usiwe wa pwani, kwani una chumvi. Lipu ipigwe nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na inyunyizwe maji kwa siku kadhaa isikauke ghafla. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hivyo watoto wawekwe mbali.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001. Kwa hiyo kabla ya kubomoa au kubadili umbo la nyumba, ulizeni kwanza kwa Makavazi ya Taifa.

Limebaki moja. Nyumba nyingi za kale ni za mirathi, zina wenyewe wengi, na kila mmoja humngojea mwenziwe. Yafaa jamaa wakutane kabla ya mvua, wapange mchango, wamteue msimamizi mmoja. Na dada aliyerithi fungu lake asikae kando kikao hicho kikiwekwa, kwani mara nyingi yeye ndiye akaaye ndani, na ndiye wa kwanza kuiona dari ikivuja.