Kumbukumbu na Hifadhi: Kuzisoma Sehemu za Kompyuta katika Linux

Neno *hifadhi* si geni kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo. Mwaka 1994 Wanyarwanda wengi walivuka daraja la Rusumo wakapewa hifadhi wilayani Ngara, ambako kambi ya Benaco ilianzishwa. Mwaka 2019 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo Biharamulo. Matumizi hayo mawili yana kiini kimoja: mahali ambapo kinachotunzwa hulindwa kisipotee. Kiini hicho ndicho kinacholifanya neno lifae katika istilahi za kompyuta, na ndicho kinacholitenga na *kumbukumbu*.

Kumbukumbu ni sehemu ambamo kompyuta huweka kile inachokishughulikia kwa wakati huo. Umeme ukikatika, yaliyomo hutoweka. Hifadhi ni diski au kadi inayobaki na mafaili hata mashine ikizimwa. Katika mazungumzo ya kila siku zote mbili huitwa kumbukumbu, na mkanganyo huo una gharama. Tuseme mwalimu wa sekondari wilayani Ngara amepokea kompyuta zilizokwisha kutumika, nazo ni nzito. Akiambiwa tu kwamba "kumbukumbu ni ndogo", huenda akafunga safari ya Mwanza kununua diski kubwa zaidi, kisha akarudi na kukuta mashine zinajikokota kama awali. Kilichopungua hakikuwa hifadhi.

Kabla ya safari hiyo, mashine yenyewe yaweza kuulizwa. Katika Linux, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, fungua dirisha la amri uandike mojawapo ya amri hizi:

- `lscpu` hueleza aina ya kichakataji na idadi ya viini vyake.
- `free -h` huonyesha kumbukumbu: jumla, inayotumika na iliyo huru. Mstari wa *Swap* ni eneo la hifadhi lililoazimwa kuisaidia kumbukumbu. Lisihesabiwe pamoja nayo.
- `lsblk -d -o NAME,SIZE,MODEL,ROTA` huorodhesha diski, ukubwa na modeli zake. Safu ya ROTA ikiwa na 1, kwa kawaida diski ni ya sahani zinazozunguka; ikiwa na 0, haina kinachozunguka.
- `df -h` huonyesha nafasi iliyobaki kwa ajili ya mafaili.
- `lspci` na `lsusb` hutaja maunzi yaliyounganishwa ndani ya mashine na yale yaliyochomekwa kwa USB.

Tahadhari moja ni ya lazima. Majina kama `sda` na `sdb` si ya kudumu: diski iliyoitwa `sda` leo yaweza kuitwa `sdb` kompyuta ikiwashwa tena. Kabla ya kufuta diski au kusakinisha mfumo mpya, hakikisha unaijua diski kwa ukubwa na modeli yake, wala usitegemee jina pekee. Kazi ya wanafunzi ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa herufi moja.

Mfasiri wa maelekezo ya aina hii achunge pia vitenzi vitatu. *Kutambua* ni kukijua kitu kwa alama zake, kwa hiyo husemwa: "Kompyuta imetambua diski mweko." *Kubaini* ni kupata uhakika baada ya kuchunguza: "Mwalimu alibaini kwamba kumbukumbu ni gigabaiti 2 tu." *Kugundua* ni kukifikia kilichokuwa hakijulikani: "Fundi amegundua hitilafu katika diski." Kuandika kwamba kompyuta "imegundua" kila kifaa kinachochomekwa ni kukifanya cha kawaida kionekane cha ajabu.

Kwa muhtasari: kinachopotea mashine ikizimwa kiite kilichomo kwenye kumbukumbu, kinachosalia, kiite kilichomo kwenye hifadhi.