Saratani ya Mlango wa Kizazi: Kipimo Gani Kinastahili Pesa Yako?

Kama umetimiza miaka 30 na hujawahi kupimwa, usingoje dalili. Dalili zikianza, mara nyingi matibabu yameshakuwa ghali. Vipimo viko vitatu, na bei unayotajiwa dirishani si gharama yote.

Siki. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa macho. Penye kasoro hugeuka peupe. Ndicho kipimo cha bei ya chini kuliko vyote, na vituo vingi vya serikali hukitoa bure. Majibu unapewa papo hapo, na kama kituo kina mashine ya kuunguza kwa joto, unaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la anayepima, na kwa aliyekoma hedhi hakitegemeki. Hurudiwa kila miaka 3.

Pap. Seli hukwanguliwa, hupakwa kwenye kioo na kupelekwa maabara. Hapa ndipo pesa inapovuja: kumwona daktari, kuchukua sampuli, maabara, halafu nauli ya kufuata majibu. Ukipiga simu, usiulize "kipimo bei gani?" Uliza, "Mpaka nishike majibu mkononi, jumla ni kiasi gani?" Nacho hurudiwa kila miaka 3. Kwa mwenye pesa ya kubana, hiki kiwe cha mwisho, isipokuwa daktari akiagize.

HPV. Hiki hutafuta HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Ni ghali zaidi na hakipatikani kila mahali. Hata hivyo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kitangulie vingine, kikirudiwa kila miaka 5 hadi 10. Sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti, nyuma ya pazia.

Tafiti mbili za India zinasaidia kuamua. Osmanabad, matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa kupima HPV mara moja tu kulipunguza vifo karibu nusu. Siki ya mara moja haikufua dafu. Mumbai, mwaka 2014, siki iliyorudiwa kila miaka 2 ilipunguza vifo kwa asilimia 31. Kwa hiyo siki humfaa anayerudi kupimwa.

Piga hesabu ya miaka 10. Siki ni safari tatu au nne, kila moja na nauli yake na siku ya biashara iliyolala. HPV ni safari moja au mbili.

Ila HPV ina gharama iliyojificha: ukikutwa na virusi, utahitaji uchunguzi wa pili. Si kwamba una saratani. Maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Kabla ya kulipa, uliza uchunguzi huo unafanyikia wapi na kwa bei gani.

Basi: kama una pesa na huna uhakika wa kurudi, au umekoma hedhi, chukua HPV. Kama mfuko umekauka, nenda kwenye siki mwezi huu, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25 na arudie mapema zaidi, kila miaka 3 hadi 5 hata kwa HPV.