Mwanafunzi Kazini: Haki Zako Dhidi ya Unyanyasaji wa Kingono

Kila mwaka vijana kutoka Chuo Kikuu cha Kabianga, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet na vyuo vya kiufundi vya Bureti na Sot huingia katika viwanda vya chai, hospitali, shule na afisi za umma kwa mafunzo kazini, au atachimenti kama wengi wanavyoyaita. Huko, msimamizi mmoja hushikilia kitu ambacho mwanafunzi hawezi kumaliza masomo bila hicho: sahihi katika kitabu cha kumbukumbu na alama za tathmini. Wasimamizi wengi hufundisha kwa uaminifu. Lakini akitokea mmoja anayetaka kuibadilisha sahihi hiyo kwa ngono, mwanafunzi hujiona hana pa kukimbilia. Makala haya yanaeleza kwamba anapo.

Eneo letu linalijua jambo hili. Februari 2023, BBC ilipeperusha uchunguzi uliofanywa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambapo zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Wengine walisema walikubali kwa kuogopa kukosa kazi. Bunge la Taifa liliagiza uchunguzi, na kampuni husika zikawasimamisha kazi baadhi ya wasimamizi. Aliyechuma chai alihofia mshahara. Mwanafunzi huhofia cheti. Hofu ni ile ile.

Unyanyasaji ni nini?

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja mambo manne. La kwanza ni kuomba ngono, waziwazi au kwa mafumbo, huku ukiahidi upendeleo au ukitishia kazi ya mtu. La pili ni maneno au maandishi ya kingono. La tatu ni picha za aina hiyo. La nne ni kugusa au tabia nyingine ya mwili isiyotakiwa. Anayefanya haya anaweza kuwa mwajiri, msimamizi au hata mfanyakazi mwenzako. Anayetendewa anaweza kuwa msichana au mvulana.

Sheria hiyo humhesabu mwanagenzi pamoja na wafanyakazi. Kwa hivyo barua yako ya mafunzo si karatasi ya kupita langoni tu. Ni ushahidi kwamba ulikuwa pale kihalali, chini ya nani na kwa muda gani. Weka nakala yake nyumbani.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamlenga mwenye mamlaka anayerudia kumtaka mtu kingono akijua hatakiwi. Inataja wazi vitendo vinavyoharibu kazi au masomo ya mtu, au kufanya mahali pa kazi au pa kujifunzia pasikalike. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kifungu hiki kinawahusu wahadhiri chuoni sawa na wasimamizi kiwandani.

Angalia neno “anayerudia”. Mahakama itataka kuona kwamba jambo lilitokea zaidi ya mara moja na kwamba mhusika alijua hatakiwi. Ndiyo maana ni muhimu kukataa kwa maneno yasiyo na utata ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha kuandika kila tukio.

Kabla ya kuanza mafunzo

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na sheria kuwa na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sera hiyo yapaswa kueleza jinsi ya kulalamika na kulinda siri ya mlalamishi. Omba kuiona siku ya kwanza.

Uliza pia maswali haya. Nani atakusimamia, na juu yake yuko nani? Msimamizi asipokuwepo, nani mwingine anaweza kutia sahihi? Majani mabichi hayangoji, na viwanda hufanya kazi hadi usiku msimu wa mavuno mengi. Ukipangiwa zamu ya usiku, utarudije nyumbani? Ukipewa chumba shambani, ufunguo mwingine uko kwa nani?

Ukinyanyaswa

Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Usifute ujumbe wa simu. Mweleze mtu unayemwamini, kisha ripoti kwa afisa wa rasilmali watu na kwa mratibu wa mafunzo chuoni. Chuo kinaweza kukuhamishia kwingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, kumlalamikia mwajiri kwa nia njema si sababu halali ya kufutwa.

Iwapo umebakwa, nenda hospitali kwanza. Si lazima upitie polisi ili utibiwe. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Dawa za kuzuia mimba hufaa kabla ya saa 120. Usioge wala kufua nguo; zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha piga ripoti kituoni, kwenye dawati la jinsia, na uhakikishe umepewa nambari ya OB. Fomu ya P3 hailipiwi.

Kwa wazazi na wazee

Mtoto wenu akirudi nyumbani ghafla au akikataa kuendelea na mafunzo, msianze kwa kumlaumu kuhusu karo. Muulizeni kilichotokea. Tena, kesi ya ubakaji haimalizwi kwa kikao cha ukoo na fidia ya mifugo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono hakiachii familia uamuzi wa kusitisha kesi. Leo, chini ya Katiba ya 2010, mashtaka ni jukumu la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na aliye chini ya miaka 18 hawezi kusemwa “alikubali”.

Kwa waajiri na vyuo

Msiache hatima ya mwanafunzi mikononi mwa mtu mmoja. Tathmini itiwe sahihi na watu wawili. Mhadhiri anayekuja kukagua azungumze na mwanafunzi faraghani, msimamizi akiwa mbali. Hata Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unawataja wanagenzi na walio mafunzoni miongoni mwa wanaostahili kulindwa.

Nambari za msaada, bila malipo: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto, na 999 au 112 kwa polisi.